Kuziba matundu ya deki hakuokoi boti

Jamani huku Ziwa Victoria, upande wa Uganda, kuanzia Kasenyi hadi visiwa vya Ssese, bado nasikia mtu akisema matundu ya kutolea maji kwenye deki (sakafu ya juu ya boti) ndo yanaingiza maji, kwa hiyo yazibwe na matambara. Hapana. Kama deki iko juu ya usawa wa maji ya ziwa, tundu linatoa maji zaidi kuliko linavyoingiza, na ukiliziba wimbi likipanda halina pa kutokea. Piga hesabu, deki ya mita 4 kwa 1.5 yenye maji ya sentimita 5 tu ni lita 300, yaani kilo 300 zinazokimbilia upande mmoja kila boti ikilala, hapo ndo mnapinduka.

Dawa ni kipande cha tyubu kuukuu ya gari, kikate kikubwa kuliko tundu, kipigilie kwa nje upande wa juu peke yake, maji ya ndani yanakisukuma yanatoka, wimbi la nje linakibana. Ukipigilia pande zote umeziba tena (nimeona mtu akifanya hivyo, tukacheka sana). Kwa ndani weka wavu wa matundu makubwa kidogo, maana magamba na mukene (dagaa) huganda humo, na usugue kila mkirudi.

Ila ile mitumbwi yetu ya mbao isiyo na deki usitoboe kabisa! Sakafu yake iko chini ya usawa wa ziwa, hiyo ni kuchota na jerikeni iliyokatwa tu.