Kwa nini mvua ya Addis Ababa ni nzito kuliko ya Dar es Salaam?

Addis Ababa iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,300, mamia ya kilomita kutoka pwani yoyote ile. Kwa kanuni zinazofundishwa kuhusu isotopu za maji, yaani aina nyepesi na nzito za atomi zinazoyaunda, mvua inayofika mahali kama hapo ingepaswa kuwa na upungufu mkubwa wa molekuli nzito ikilinganishwa na mvua ya Dar es Salaam, ambayo iko ufukweni kabisa. Vipimo vinaonyesha kinyume chake. Mwaka 1961 Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki na Shirika la Hali ya Hewa Duniani yalianza kukusanya mvua kila mwezi katika vituo vya nchi nyingi, na rekodi ndefu ya Addis Ababa katika mtandao huo imekuwa ikisema jambo lilelile miaka nenda rudi.

Uzito unaozungumziwa hapa si wingi wa mvua. Molekuli moja hivi kati ya kila 500 za maji hubeba oksijeni-18 badala ya oksijeni-16 ya kawaida, na moja hivi kati ya kila 3,200 hubeba deuteri, yaani haidrojeni yenye nyutroni moja ya ziada. Isotopu hizi ni thabiti: hazioozi, hazitoi mionzi, na zimo katika kila glasi ya maji tunayokunywa. Kipimo chake ni ulinganisho na maji ya bahari ya kiwango maalumu. Tukisema mvua ina thamani ya hasi 1, maana yake ni kwamba penye molekuli nzito 1,000 katika maji ya bahari, kiasi kilekile cha mvua kina 999. Mvua ya Addis Ababa iko karibu na hapo kwa oksijeni, ilhali theluji ya Ncha ya Kusini ina 950 hivi tu.

Dhana iliyoenea sana ni kwamba isotopu ni muhuri wa asili: ukipima mvua utajua imetoka bahari gani. Dhana hii inastahili kuchunguzwa kwa utulivu, kwa sababu karibu kila swali kuhusu Addis Ababa hupotoshwa nayo. Mtu akiamini kuwa kuna muhuri, ataona mvua nzito na kusema mara moja kwamba imetoka Bahari ya Hindi, iliyo karibu, na si Atlantiki, iliyo mbali. Lakini maji ya juu ya bahari hizo mbili, katika ukanda wa joto, yanatofautiana kwa sehemu moja hivi tu kwa elfu, na mvuke unaopaa kutoka kila moja huanza safari ukiwa karibu sawa na mwenzake. Muhuri wa namna hiyo hauwezi kusomeka, kwa sababu mambo yanayotokea njiani hubadilisha thamani mara nyingi zaidi ya tofauti hiyo. Wala umbali wa kilomita peke yake hautoshi: mvuke unaweza kuvuka bara zima bila kudondosha tone, ukafika kama ulivyoondoka. Kinachohifadhiwa katika mvua ni historia ya safari, hasa sehemu gani ya mvuke wa mwanzo imeshaanguka kabla ya kufika hapo.

Chanzo cha haya yote ni kwamba molekuli nzito huachana na kimiminika kwa shida kidogo zaidi. Katika nyuzi 25 za Selsiasi, mvuke uliotulia juu ya maji huwa na upungufu wa karibu sehemu 9 kwa elfu za oksijeni-18, na wa deuteri karibu mara nane ya huo. Mvuke ukigeuka matone, molekuli nzito ndizo zinazotangulia kuanguka.

Fikiria basi linalotoka Mombasa kwenda Kampala likiwa na abiria wa aina mbili, wenye magunia mazito na wenye mikoba tu. Wenye magunia wana mwelekeo mdogo tu wa kushuka mapema kuliko wenzao, kwa tofauti ndogo kama hiyo ya tisa kwa elfu. Pale Voi hakuna atakayeitambua. Nairobi imeanza kujitokeza, Nakuru imekua, na Malaba, basi likiwa limebakiwa na abiria wachache, wenye magunia wamepungua ndani yake, na kwa hiyo wamepungua pia miongoni mwa wanaoshuka. Anayehesabu mizigo kituoni Kampala hawezi kusema kama basi lilianzia Mombasa au Tanga. Anachoweza kukadiria ni sehemu gani ya abiria imeshashuka, na kama dereva alipakia wengine njiani. Hesabu ya upungufu wa namna hii iliandikwa na mwanafizikia wa Uingereza, Lord Rayleigh, mwanzoni mwa karne ya 20, kabla isotopu hazijajulikana.

Mwanasayansi wa Denmark, Willi Dansgaard, alianza kuufuatilia mpangilio huu mwezi Juni 1952 mjini Copenhagen, akikinga mvua kwa faneli iliyochomekwa katika chupa ya bia, na mwaka 1964 akachapisha maelezo yaliyoweka msingi wa taaluma nzima: mvua hupungukiwa na isotopu nzito kuelekea barani, kuelekea ncha za dunia na kuelekea milimani. Milimani, oksijeni-18 hushuka kwa kati ya sehemu 0.15 na 0.5 kwa elfu kila mita 100. Hata tukichukua kiwango kidogo kabisa, thamani ya Addis Ababa ingepaswa kuwa chini ya ile ya pwani kwa sehemu zaidi ya tatu kwa elfu. Haiko hivyo, na hapo ndipo suala la abiria waliopakiwa njiani linapopata uzito wake.

Ziwa au bahari hutoa mvuke mwepesi na kubaki na maji mazito. Ndiyo maana maji ya Ziwa Viktoria, ambayo sehemu kubwa hupotea kwa mvuke, ni mazito kuliko bahari ingawa ni matamu. Mti hufanya kazi tofauti. Kwa mimea mingi, mizizi hunyonya maji bila kubagua isotopu. Jani linapoanza kutoa mvuke asubuhi, molekuli nyepesi hutangulia, na maji yanayobaki ndani yake huzidi kuwa mazito. Yakiwa mazito, mvuke unaotoka nao huongezeka uzito, hadi kinachotoka kinalingana na kilichoingia. La sivyo molekuli nzito zingejazana ndani ya jani bila kikomo. Usawa huo haudumu kila saa, lakini kwa jumla ya siku msitu hurudisha angani maji yenye uzito uleule wa mvua iliyounyeshea. Kwangu hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika somo hili: basi linapata upya abiria wenye magunia. Kwa ushahidi wa aina hii mwanasayansi wa Brazili, Enéas Salati, na wenzake walionyesha mwaka 1979 kwamba karibu nusu ya mvua ya bonde la Amazon hutokana na maji yaliyorudishwa angani na bonde lenyewe.

Watafiti kadhaa wameelekeza maelezo ya namna hiyo Ethiopia, wakitaja misitu ya Kongo na vinamasi vya Sudd huko Sudan Kusini. Wengine wanaona inatosha kusema kwamba mvuke wa Bahari ya Hindi hufika kwenye nyanda za juu kabla haujanyesha sana njiani. Maelezo ya tatu, kwamba matone hukauka kidogo yakianguka na kubaki mazito, yana udhaifu. Mwanajiokemia wa Marekani, Harmon Craig, alionyesha mwaka 1961 kwamba katika mvua nyingi duniani thamani ya deuteri ni sawa na mara nane ya ile ya oksijeni-18, kujumlisha 10. Matone yaliyokaushwa hewani huishusha ile 10, lakini mvua ya Addis Ababa kwa wastani iko juu yake. Mvuke unaorejea kutoka nchi kavu huweza kuipandisha, ingawa hewa kavu juu ya bahari huweza pia, na kwa hiyo kipimo hiki hakimalizi mjadala.

Njia mojawapo ya kuumaliza ni kupima mvuke wenyewe kabla haujawa mvua. Chombo TES, kilichorushwa mwaka 2004 katika setilaiti ya Aura ya NASA, kilisoma deuteri angani, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulikitumia kuonyesha kwamba kusini mwa Amazon mvuke wa majani huiandaa anga mwishoni mwa kiangazi, kabla pepo za bahari hazijaleta masika. Vipimo vya aina hiyo juu ya Sudd na Kongo, vikiwekwa kando ya vile vya Bahari ya Hindi kwa mwezi uleule, ndivyo vinavyoweza kutenganisha maelezo mawili yaliyobaki.