Mkeka umechanika kwa mechi moja, mbona anarudi tena?

Saa nne usiku, karibu na stendi ya Moshi, kijana wa bodaboda ameegesha pikipiki na kuinamia simu. Mkeka wake, yaani tiketi ya kubeti, wa mechi kumi umechanika kwa mechi moja: wageni wamesawazisha dakika ya 88. Hesabu ya tajiri, yaani pesa ya siku ya mwenye pikipiki, shilingi 10,000, bado ipo. Kufika saa sita nayo imekwenda. (Kisa nimekibadilisha kidogo asitambulike.)

Nyumbani ataambiwa hana akili. Akili anayo. Kliniki nilimwandikia kwenye karatasi: mechi kumi, kila moja nusu kwa nusu, nafasi ya kupatia zote ni 1 kati ya 1,024. Akakubali, hata akacheka. Jumamosi akabeti.

Tatizo ni uchungu. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba hasara huuma kuliko faida ya kiasi kilekile inavyofurahisha. Makadirio mengi husema karibu mara mbili. Kwa hiyo ile hesabu ya tajiri hakuiweka ili atajirike, aliiweka ili maumivu ya mkeka yakome. Mtu huyohuyo mchana anabishana na abiria kwa shilingi mia mbili.

Halafu kuna hiyo "mechi moja tu". Picha za ubongo zimeonyesha kuwa kukosa padogo huamsha baadhi ya sehemu zilezile zinazoamka mtu anaposhinda. Mfukoni amepoteza, kichwani anahisi amekaribia. Wenye mashine za dubwi, zile za kamari za kutumbukiza sarafu, wanalijua hili vizuri kuliko sisi madaktari.

Tangu 2022, mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani unaotumika umeuweka uraibu wa kamari kundi moja na ulevi wa pombe. Ndiyo maana simuulizi mgonjwa "kwa nini?" Namuuliza saa ngapi, ukiwa wapi, umetoka kugombana na nani. Huyu jibu lake lilikuwa lilelile kila mara: usiku, peke yake, pesa ya mtu mkononi. Basi sasa hesabu anaipeleka kwa tajiri saa kumi na mbili jioni, kabla mechi za usiku hazijaanza.

Mama yake alitaka aape kanisani kwamba hatarudia. Sikumkataza. Nilimwomba tu, na ile laini yenye pesa ikae kwake kuanzia Ijumaa mpaka Jumatatu asubuhi.