Ruzuku si mtaji, na mfadhili si mjomba wako

Jumapili iliyopita nilikuwa kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani, Tabata. Pilau ndiyo kwanza imefika mezani, kijana mmoja akavuta kiti. "Shikamoo dada. Nimesikia unafanya kazi na wafadhili. Nina wazo la app, niunganishe nao wanipe mtaji." Huyo ni wa tatu mwezi huu. Wa kwanza nilimweleza taratibu, wa pili kwa kifupi, huyu nikamwambia ale kwanza, nitaandika.

Mimi ni meneja wa ruzuku, yaani pesa ya mfadhili isiyorudishwa. Kwa miaka tisa nimesoma maandiko ya startapu ya kuomba ruzuku, nimekaa na wahasibu wao, nimehesabu risiti mpaka macho yakauma. Neno linalonikera kuliko yote ni hilo "mtaji". Mtaji ukishaingia kwenye biashara unafanya kazi yoyote biashara inayoitaka: kununua mzigo, kulipia fremu, kuziba pengo la mwezi mbaya. Ruzuku inaingia na orodha ya kazi mkononi. Ipo misaada inayokuja kama mtaji kweli. British International Investment, taasisi ya uwekezaji ya serikali ya Uingereza, ile iliyokuwa ikiitwa CDC hadi 2022, hununua hisa na kukopesha. Ila sehemu kubwa ya pesa yake hupitia mifuko ya uwekezaji, mabenki na kampuni kubwa. App yenye watumiaji arobaini, nusu yao binamu zako, haionekani kutoka huko juu.

Nikisema hivi lazima mtu anitupie M-Pesa. "Mbona ile walifadhiliwa?" Haya, tuiangalie.

Idara ya misaada ya Uingereza, DFID, ilitoa karibu pauni milioni 1 kupitia mfuko wake wa ushindani, kampuni ya simu ya Vodafone nayo ikaweka fungu lake. Lengo lililoandikwa kwenye andiko lilikuwa wakopaji wa taasisi ndogo za fedha walipe marejesho kwa simu. Majaribio yalianza Oktoba 2005 na Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, pamoja na Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, wateja mia kadhaa tu, Nairobi na Thika. Wateja wakaanza kufanya mambo yao. Wengine walilipana wao kwa wao, wengine walinunulia ndugu wa kijijini muda wa maongezi. Wapo walioweka pesa kwenye simu asubuhi na kuitoa mwisho wa safari, ili wasitembee na noti. Upande wa mikopo hesabu zilikuwa kichomi, kwa sababu vitabu vya Faulu na mfumo wa simu havikusomana vizuri. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007 marejesho ya mikopo yalikuwa yamewekwa kando. Kilichouzwa ni kutuma pesa nyumbani.

Ile pauni milioni haikujenga M-Pesa unayoijua wewe. Ilinunua nafasi ya kukosea. Nick Hughes, aliyelisimamia wazo hilo ndani ya Vodafone, ameeleza mwenyewe kwamba kwenye kampuni kubwa, wazo ambalo faida yake haionekani haraka hupigwa kikumbo na mengine wakati wa bajeti; pesa ya mfuko ndiyo iliyompitisha mlangoni. Baada ya hapo ukuaji ulikuwa wa biashara. Hata leo pita kibanda chochote cha wakala umuulize ile floti, pesa anayozungushia huduma, ni ya nani.

Kuhusu kuandika andiko sisemi mengi. Jibu swali uliloulizwa, usimwajiri mtu wa kukuandikia kitu usichoweza kukieleza, bajeti ijumlike. Basi.

Ninapotaka tukae ni kwenye malipo, kwa sababu hapo ndipo watu wanaumia huku wakipongezwa mitandaoni. Tuseme umeshinda shilingi milioni 100. Umepiga picha na hundi ya bango. Kwa mfuko wa kawaida, unapata mkupuo wa kwanza wa milioni 20. Zilizobaki zinalipwa ukishatimiza hatua mlizokubaliana, ukishatuma ripoti, mtu akishaihakiki, na makao makuu wakishasaini. Maana yake unatumia ya kwako kwanza, unarudishiwa baadaye. Juu ya hapo mara nyingi kuna mchango wa mwombaji, pengine nusu ya gharama zote. VAT ya asilimia 18 unayoweza kudai Mamlaka ya Mapato, TRA, mfuko haugusi. Ruzuku ikiwa ya pauni na wewe unalipa kwa shilingi, kuyumba kwa bei ni juu yako.

Nilikuwa na mteja mmoja Morogoro, kijana mwenye vikaushio vya maembe vya jua. Bidii yake ilinitia wivu. Mkupuo wake wa pili ulikwama miezi mitatu kwa sababu ya risiti. Alikuwa nazo zote, za EFD, zile za mashine ya kodi, kazipanga kwenye bahasha, bahasha akaiweka kwenye dashibodi ya pikapu. Karatasi za EFD zinaogopa joto. Nilipozifungua ofisini zilikuwa nyeupe kama kucha, kwenye moja ilibaki tarehe tu. Mkaguzi akakataa, na kwa kanuni zetu alikuwa sahihi. Wafanyakazi sita walisubiri mishahara, kijana akaenda kuchukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali. Kwenye ripoti yangu ya robo ile aliandikwa "anaendelea vizuri". (Toa nakala ya risiti siku hiyohiyo. Siku hiyohiyo!)

Sasa niseme lisilonifurahisha. Sijui kama tuliowapa ruzuku walikua kwa sababu yetu, au tulikuwa hodari tu wa kuchagua waliokuwa wanakua. Mtindo wetu wa kuchagua hauwezi kunijibu. Nigeria mwaka 2011 walifanya kitu cha maana zaidi: shindano la YouWiN!, la serikali yao, Benki ya Dunia na DFID wakisaidia. Washindi walikuwa 1,200, na sehemu kubwa yao walipatikana kwa bahati nasibu kati ya waliofika nusu fainali, kwa hiyo ikawezekana kuwalinganisha na waliokosa kwa bahati tu. Mchumi David McKenzie aliwafuatilia. Miaka mitatu baadaye waliopata walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa bado kwenye biashara na kuajiri watu kumi au zaidi. Kila mmoja alipata wastani wa karibu dola 50,000. Pesa hiyo, nikiwa mkweli, ilifanya kazi ya mtaji. Kwa hiyo Mnigeria akisoma kichwa changu cha habari ana haki ya kunicheka.

Na walioweka mishahara yote juu ya mfadhili mmoja waliona 2025 Marekani iliposimamisha misaada Januari, na shirika lake la misaada, USAID, likaacha rasmi kutoa misaada Julai 1. Hilo halihitaji maelezo yangu.

Linaloninyima usingizi ni jingine. Andiko la M-Pesa lilisema marejesho ya mikopo, wateja wakasema kingine, mradi ukageuka. Fomu yangu ina hatua tano zilizosainiwa, na mteja akigeuka kabla ya hatua ya tatu ninatakiwa kusimamisha malipo hadi kamati ikae. Yule kijana wa Morogoro aligeuka. Aligundua wakulima hawataki kumuuzia maembe, wanataka kununua vile vikaushio. Aliniletea majina ya walioweka oda, kumi na wanne, kwenye daftari la shule. Hiyo ilikuwa Novemba, maembe yanaanza kuiva. Nikamjazia fomu ya kuomba mabadiliko, nikaituma, kamati ikataka maelezo ya ziada, nikayatuma, ikaingia Krismasi. Barua ya kukubaliwa ilifika Machi. Nilimpigia simu kumpa habari njema, akanishukuru kwa adabu, akaniuliza wakulima akawauzie vya kukaushia nini.