Mbwa mzee anayekohoa usiku: maswali kuhusu moyo wake

Swali: Mbwa wetu mdogo ana miaka 11, na siku hizi anakohoa usiku. Ni moyo huo?

Jibu: Huenda, ingawa bomba la hewa likilegea nalo huleta kikohozi. Ugonjwa wa moyo unaowapata zaidi mbwa wadogo wazee ni wa vali, yaani kilango cha damu ndani ya moyo, ya upande wa kushoto. Vali hunenepa na kuota vinundu, ikawa haifungi barabara, na kila moyo unapopiga, damu kiasi hurudi ilikotoka. Daktari wa mifugo akiweka stetoskopu ubavu wa kushoto husikia mvumo, kama mtu anayepuliza chai ya moto. Moyo hustahimili kwa miaka huku ukitanuka. Ukielemewa, maji hujaa mapafuni.

Kwa mbwa wakubwa kama Doberman, mara nyingi ni misuli ya moyo yenyewe inayolegea.

Swali: Ni kwa sababu ya nyama ya mafuta niliyokuwa nampa?

Jibu: Hapana, usijilaumu. Mishipa ya moyo kuzibwa na mafuta ni nadra sana kwa mbwa.

Swali: Nitajuaje hali inazidi?

Jibu: Hesabu pumzi zake akiwa usingizini. Hakuna kipimo cha nyumbani ninachokiamini kuliko hiki. Kaa karibu naye bila kumgusa, asiwe anaota wala hajatoka kukimbia. Ubavu ukipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha mara mbili, andika daftarini. Kawaida hazifiki 30 kwa dakika. Zikizidi hapo usiku baada ya usiku, mpigie daktari siku hiyohiyo. Ukimkuta amenyoosha shingo, anakataa kulala chini, ufizi umekuwa wa bluu, au akizimia, mpeleke mara moja.

Swali: Kuna dawa?

Jibu: Ya kuiponya vali hakuna, lakini ya kumwongezea siku njema ipo. Utafiti wa EPIC, uliochapishwa 2016, ulionyesha kuwa pimobendani, dawa ya kuusaidia moyo kusukuma damu, huchelewesha moyo kushindwa kwa takriban miezi 15, kwa mbwa ambao moyo umeshatanuka lakini hawajaonyesha dalili. Ndiyo maana eksirei au ultrasaundi ni muhimu: si kila mwenye mvumo anahitaji dawa hiyo. Maji yakishajaa mapafuni huongezwa furosemaidi, dawa ya kuyatoa maji hayo kwa njia ya mkojo. Hiyo itamfanya akojoe sana na kunywa sana. Tafadhali usimfichie bakuli la maji eti asilowanishe sakafu. Bila maji figo zake zitaumia.