Kutesti programu: watu wanavyodhani na ilivyo kweli

Kila apu ya kutuma hela ikizingua mwisho wa mwezi lazima uone mtu kaandika "hivi hawa jamaa hawana testa?" Wanao, tena mara nyingi walitesti wiki nzima. Shida ni kwamba humo ofisini kila mtu ana lake kuhusu testi inatakiwa ilete nini, bosi anataka asikie "iko freshi", developa (anayeandika programu) anataka asisumbuliwe, testa mwenyewe, yaani anayeijaribu, kaambiwa atafute bagi nyingi, yaani makosa ya programu. Mimi msimamo wangu ni huu, testi inaleta taarifa. Inamwambia mwenye mali programu yake ikoje leo, wapi imekaa sawa na wapi ina hatari, ili aamue iende laivu, yaani watu waanze kuitumia, ama isubiri. Tuangalie basi yanayosemwa.

Dhana: "Tumetesti yote, haina bagi"

Aliyetesti yote hayupo. Chukua programu inayojumlisha namba mbili tu, kila moja ya biti 32 (yaani kompyuta inaiandika kwa tarakimu 32 za 0 na 1). Jozi zinazowezekana ni kama kwintilioni 18 (18 ikifuatwa na sifuri 18), ukiwa na mashine inayotesti jozi bilioni moja kila sekunde utamaliza baada ya miaka zaidi ya 580, na hapo ni kujumlisha tu, hatujagusa PIN, mtandao wala ile simu ya mtu iliyojaa mpaka haipokei picha. Edsger Dijkstra, mmoja wa wakubwa wa fani hii, alishalisema tangu 1969 kwamba testi inaweza kuonyesha bagi zipo, ila haiwezi kuonyesha kwamba hazipo. Kwa hiyo testa anachagua, anaanza na sehemu ambayo ikiharibika hela inapotea au mtu anaumia, rangi ya kitufe itasubiri. Na ripoti ya kweli inasema tumetesti hivi, hivi hatujagusa maana muda haukutosha, na bagi hizi tunazijua na bado zimo. Mabosi wengi hicho kipande cha katikati hawakipendi kabisa, wakati ndo chenye faida kuliko vyote.

Dhana: "Lengo ni kuonyesha kwamba inafanya kazi"

Hiyo ni demo bana, onyesho la kumfurahisha mteja. Chukua skrini ya kutuma hela, tuseme inaruhusu kuanzia 1,000 mpaka 3,000,000. Mtu wa demo ataweka 50,000, inaenda, makofi. Testa yeye anakimbilia mipakani: 999, 1,000, 3,000,000, 3,000,001, maana developa akiandika "kubwa kuliko" pale palipotakiwa "kubwa kuliko au sawa na", itagoma kwenye 1,000 tu na kwingine kote utaona iko poa. Alafu anaweka sifuri, anaweka hasi 5,000 (hasi isipozuiwa hesabu inageuka, mpokeaji ndo anakatwa na mtumaji anaongezewa, sio utani), anaandika kiasi kikiwa na koma, anakopi namba ya simu kwenye meseji ikiwa na nafasi katikati, anaweka nyingine inayoanza na +255. Anajaza jina la Ng'wandu, maana majina ya ng' Usukumani yamejaa tele na hicho kialama cha juu kinaweza kuangusha database (hifadhi ya taarifa za programu) isipoandaliwa.

Kisha inakuja ile kubwa. Anabonyeza Tuma, anazima data hapohapo, kimduara kinazunguka weee, anawasha, anabonyeza tena. Hela imekatwa mara ngapi? Kama ule muamala haukupewa namba yake ya kipekee tangu mwanzo, seva (kompyuta ya kampuni inayopokea maombi) itaona ni maombi mawili tofauti na itakata mara mbili, na kesho yake mteja yuko kaunta anagombana na dada wa watu ambaye programu yenyewe hajui hata imeandikwaje. Mtu anayetesti ili aonyeshe inafanya kazi hawezi kulikuta hilo, kwa sababu hana sababu ya kuzima data.

Dhana: "Ilishafanya kazi kule, ya nini kuitesti tena"

Waulize watu wa Ariane 5. Roketi hii ilirushwa mara ya kwanza tarehe 4 Juni 1996 kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, na kwenye mfumo wa kuiongoza walibeba programu iliyotoka Ariane 4, ambako ilikuwa haina tabu. Sasa Ariane 5 inaruka kivingine, kasi yake ya kwenda pembeni inapanda haraka zaidi, namba ya biti 64 ikalazimishwa kuingia kwenye nafasi ya biti 16, haikuenea, kompyuta ikajizima. Ya akiba je? Ilikuwa na programu ileile kwa hiyo nayo ilishajizima kwa kosa lilelile. Sekunde kama 40 toka safari ianze, roketi ikalipuka. Tume ya uchunguzi ikakuta kile kipande cha programu kwa Ariane 5 hakikuwa na kazi yoyote ikishaondoka ardhini, na hakikutestiwa kwa njia ambayo Ariane 5 ingepita kweli.

Dhana: "Testi zote ni kijani, tuachie" (kijani ni rangi ya testi iliyopita)

19 Julai 2024, kompyuta za Windows kama milioni 8.5 ziligoma na skrini ya bluu, safari za ndege zikafutwa, chanzo ni apdeti ya CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta. Ripoti yao wenyewe ilikuja kueleza kwamba kanuni mpya ilitegemea ipewe vitu 21 lakini programu ilikuwa inaleta 20, na kwenye testi kile cha 21 kiliwekwa "chochote sawa", kwa hiyo hapakuwa na haja ya kukisoma. Testi zikapita. Apdeti za miezi ya nyuma nazo zikapita. Siku kilipotakiwa kusomwa kweli, programu ikaenda kusoma mahali pasipo na kitu. Na apdeti ilienda kwa wote mkupuo mmoja badala ya kuanza na wachache kwanza. Kijani maana yake maswali uliyouliza yamejibiwa, basi.

Na nyie wa kavareji asilimia 100 (yaani testi zimepita kwenye kila mstari wa programu) hamko mbali. Mstari mmoja: wastani ni jumla gawa kwa idadi. Testi ukiwa na jumla 10 na idadi 2, unapata 5, kavareji 100%. Aje mteja aliyejiunga leo ambaye hana muamala hata mmoja, idadi ni sifuri, chali.

Dhana: "Haijakrashi, kwa hiyo iko sahihi"

Hii ndo ya hatari zaidi kwa maoni yangu, maana programu iliyokufa kila mtu anaiona. Uchaguzi wa Kenya Machi 2013, kwenye skrini za matokeo ya awali kura zilizokataliwa zilipita laki 3, nchi nzima ikawa inazibishania, kisha tume ya uchaguzi, IEBC, ikaeleza kwamba programu ilikuwa inazizidisha mara nane. Hesabu ya mwisho ilikuwa 108,975. Programu haikuganda wala kutoa onyo, ilionyesha tu namba ya uongo kwa utulivu kabisa. Uchaguzi huohuo mashine za kutambua wapiga kura ziliishiwa chaji vituo vingi, watu wakarudi kwenye daftari la karatasi, na umeme wa kituo nao ni sehemu ya kutesti, usidhani ni mambo ya fundi.

Dhana: "Testi ni kazi ya mwisho"

Fupi tu. Waraka unasema "mteja anarudishiwa hela ndani ya siku 3". Testa anauliza, siku za kazi au siku zozote? Sikukuu ya Idi inahesabiwa? Hapo bado hakuna aliyeandika hata mstari mmoja wa programu na bagi tayari imekamatwa.

Dhana: "Bagi ikipita ni kosa la testa, na testa mzuri ni mwenye bagi nyingi"

Mkianza kulipana kwa idadi mtaletewa bagi ishirini za nafasi kati ya maneno, na ile moja ya kukata hela mara mbili inayotaka siku mbili za kuisaka hakuna atakayeihangaikia. Na kuhusu lawama, testa hana kitufe cha kwenda laivu. Akishaandika kwenye ripoti kwamba muamala unaweza kukatwa mara mbili mtandao ukiyumba, na bosi akasoma akasema Ijumaa tunatoka hivyohivyo, basi bagi hiyo ina mwenyewe na jina lake lipo kwenye imeili.