Kamera ndogo kwa pesa kidogo: anza na ukumbi wenye giza

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Kondele alisimama mbele ya meza yangu na swali ninaloulizwa karibu kila wiki. "Fundi, niko na elfu 60. Ninunue kamera gani?" Nikamrudishia swali: mahali penye giza kuliko pote utakapopiga picha ni wapi? Akafikiri, akasema ni ukumbini, jioni, maharusi wakikata keki. Hapo tukawa na la kuzungumza.

Kazi yangu ni kutengeneza kamera na lenzi hapa Kisumu. Watu huja na jina la bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, waliloliona mtandaoni, pesa zote zinaishia hapo, kisha wanarudi kulalamika kwamba picha za usiku zina chengachenga. Bodi wamechagua vizuri. Kilichokosekana ni mwanga, na mlango wa mwanga ni lenzi.

Kwanza tuelewane kuhusu kamera zenyewe. DSLR ina kioo ndani kinachopeleka taswira kwenye kitundu cha kutazamia, na kioo hicho huruka juu kila unapobonyeza. Mirolesi (mirrorless) haina kioo hicho. Sensa yenyewe, kile kipande kinachopokea mwanga, ndiyo inayotazama, nawe unaona kwenye skrini kile inachokiona. Ndiyo maana bodi ni ndogo na nyepesi. Tangu Panasonic itoe Lumix G1 mwaka 2008, mirolesi zimetengenezwa nyingi, na leo nzuri nyingi zinapatikana kwa bei ya mtumba.

Faida yake kwa anayeanza huonekana vizuri sana pale ufuo wa Dunga, hapa Kisumu, saa sita mchana. Mvuvi amesimama, ziwa linameta nyuma yake. Kamera inapima mwanga wote huo wa maji, inadhani pana mwanga wa kupita kiasi, inamtia mvuvi giza mpaka uso haujulikani. Kwenye DSLR, ukitazamia kitunduni, utagundua baada ya kupiga. Kwenye mirolesi unaliona kosa kabla hujabonyeza: unaongeza mwangaza hatua moja au mbili, uso wake mweusi unatokea na rangi yake halisi, ndipo unapiga. Lakini ili uone hivyo katika jua letu lazima kamera iwe na kitundu cha kutazamia, ambacho kwenye mirolesi kina skrini ndogo ndani yake. Skrini ya nyuma pekee haitoshi ufuoni. Bodi isiyo na kitundu huwa ya bei ya chini, na bado nawashauri watu waiache.

Sasa hesabu iliyonifanya niwe mkaidi kuhusu lenzi. Sensa ya Sony ya ukubwa unaoitwa APS-C ina takriban milimita 23.5 kwa 15.6. Ya ukubwa wa Micro Four Thirds, iliyomo kwenye kamera za Olympus na Panasonic, ina 17.3 kwa 13. Ukizidisha, ya kwanza ina eneo kubwa kuliko ya pili kwa mara 1.6 hivi. Watu hugombana sana juu ya tofauti hiyo. Sasa chukua lenzi ndogo inayouzwa pamoja na kamera: ukivuta karibu, tundu lake la kupitisha mwanga haliwezi kupanuka kupita f/5.6 (namba ya f ikipungua, tundu limepanuka). Lenzi isiyovuta ya f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara 10 ya huo. Pale ukumbini ambapo f/5.6 ilikulazimisha kupanda hadi ISO 6400 (ISO ni kipimo cha kukuza mwanga, na ikipanda chengachenga huongezeka), f/1.8 inakuruhusu kukaa karibu na ISO 640 kwa kasi ileile ya shata, yaani muda uleule ambao sensa inapokea mwanga. Hakuna bodi ya bei ya kawaida itakayokupa pengo kubwa namna hiyo.

Kwa hiyo, kwenye elfu 60 yake nilimwambia atenge sehemu nzuri ya lenzi kabla hajaangalia bodi yoyote. Akanunua Sony a6000 ya mtumba na lenzi moja ya 35mm f/1.8. Bodi hiyo ilitoka mwaka 2014, ina megapikseli 24, na fokasi yake bado ni ya haraka. Inachajiwa kwa waya wa USB, kwa hiyo stima ikipotea pawabenki inatosha. Haina tundu la maikrofoni. Anayetaka kurekodi mahojiano aitafute a6300.

Canon EOS M50 ya mwaka 2018 ina tundu la maikrofoni na skrini inayogeuka mbele. Namshauri hiyo dada anayeuza nguo mtandaoni na kujirekodi mwenyewe. Ila haichaji kwa USB, na Canon imehamia kwenye mfumo wa RF, ambako lenzi za EF-M, ambazo ndizo za M50, haziingii. Ukiinunua, inunue pamoja na ile 22mm f/2, ufurahi nayo, usikusanye lenzi nyingine.

Olympus E-M10 Mark II ina kituliza mtikisiko ndani ya bodi. Ni nzuri mno kwa msitu wa Kakamega, ambako miti imetulia na wewe ndiye unayetikisika. Kwa harusi kituliza hicho hakimzuii bibi harusi kucheza; hapo ni kasi ya shata tu.

Jambo moja dogo la ukumbini: umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukiona mistari ya giza kwenye picha, weka shata kwenye 1/100 au 1/50 ya sekunde. Kwa video chagua PAL kwenye menyu, mpangilio unaoendana na hezi 50.

Kununua mtumba ndiko kunakohitaji subira. Washa kamera, fungua menyu, usome. Sony nyingi zilizouzwa kwa soko la Japani zina menyu ya Kijapani pekee na hazibadiliki. Nimeletewa kadhaa na watu waliodhani mimi ninaweza kuzigeuza. Weka tundu la lenzi kwenye f/16, piga picha ya anga tupu, kisha ikuze: madoa meusi yasiyohama kutoka picha moja hadi nyingine ni vumbi la sensa. Vumbi husafishwa. Mkwaruzo hausafishwi. Toa betri uilaze mezani. Ikiyumba imevimba, ikatae. Kwa Sony nyingi hesabu ya shata, yaani idadi ya picha ilizopiga, huandikwa ndani ya faili ya picha, kwa hiyo piga moja, iweke kwenye kadi yako, uende ukaisome kwenye kompyuta kabla ya kulipa. Muuzaji akikukatalia hilo, ondoka.

Kisha lenzi. Fungua tundu lote, shika tochi nyuma yake kwa pembe, tazama kutoka mbele. Vumbi kidogo ndani halina neno. Unachokitafuta ni nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Hiyo ni kuvu, na ndiyo inayonipa kazi nyingi kuliko kitu kingine chochote hapa kando ya ziwa. Inakula rangi maalumu iliyopakwa kwenye kioo, na ikishakula, kusafisha huondoa kuvu lakini alama inabaki. Inaniuma sana, kwa sababu lenzi nyingi ninazozikataa ziliharibikia kabatini, si kazini.

Usiihifadhi lenzi ndani ya mkoba wa ngozi, wala kwenye mkoba uliolowa mvua ya jioni ukafungwa hivyohivyo. Nunua kasha la plastiki lenye mfuniko unaobana, weka vipakiti vya silika, vinavyofyonza unyevu, na kipimo kidogo cha unyevu, uhakikishe namba inakaa kati ya asilimia 40 na 50. Ikipanda kuelekea 60, kausha silika kwa moto mdogo uirudishe. Mchele usiuweke, una vumbi la wanga. Kijana wa Kondele nilimfungulia kasha langu akaona kipimo kikisoma 44, halafu tukakitoa tukakiweka mezani. Baada ya nusu saa kilisoma 71. Alinunua kasha lake siku hiyohiyo, kabla hajanunua hata kadi ya memori.