Lampard hakununuliwa na Abramovich

Hii stori kwamba kiungo Frank Lampard aliletwa Chelsea na hela za Abramovich, yule tajiri Mrusi aliyeinunua klabu, imezoeleka sana, ukibishana na mtu kijiweni lazima itoke, ila tarehe zenyewe zinaikataa. Jamaa alitoka West Ham mwaka 2001 kwa pauni milioni 11, kocha akiwa Ranieri na klabu bado iko chini ya mmiliki wa kabla yake, Ken Bates. Abramovich kaja 2003, miaka miwili baadaye!

Nadhani watu wanachanganya kwa sababu alianza kung'aa kweli kweli wakati uleule mastaa wa hela za Abramovich kina Makelele wanamiminika, basi wote wakatiwa kapu moja. Lakini huyu alishakuwa injini ya timu kitambo, kuanzia Oktoba 2001 mpaka Desemba 2005 kacheza mechi 164 za ligi mfululizo, hakosi hata moja, mpaka alipougua ndo akaikosa ya Man City. Na magoli 211 kwa kiungo, rekodi ya klabu, sio mchezo.

Beki John Terry naye msimtie humo, yule katokea akademi ya palepale Chelsea.